Kuubwaga Mzigo wa Moyo

1. Jina la mji

Miji mingi ina majina yenye kisa. Mji wa Bagamoyo u pwani ya Tanzania, kaskazini ya Dar es Salaam, nao unaelekeana na kisiwa cha Unguja ng'ambo ya bahari. Wazee husema ya kuwa jina lake limetoka katika maneno mawili: bwaga, na moyo. Lakini maana ya maneno hayo huelezwa kwa namna mbili, wala namna hizo hazifanani.

Namna ya kwanza ni ya wapagazi. Katika karne ya 19 misafara ilishuka kutoka bara mpaka Bagamoyo. Njia ya kutoka Ujiji, penye Ziwa Tanganyika, ilikuwa na urefu wa kilometa 1,200 hivi. Mpagazi alichukua begani pembe ya ndovu, au mzigo wa frasila mbili, yaani ratili 70, ndizo kilo 32 hivi. Alivuka mito, akapita nyika kavu za Ugogo, akaenda hivyo miezi mitatu na zaidi. Hata alipoiona minazi na kusikia mawimbi, alijua ya kuwa safari imekwisha. Alitua mzigo wake mchangani, na moyo wake nao ukapumzika. Kwake yeye, kubwaga moyo ni kustarehe.

Namna ya pili ni ya watumwa. Hao nao walifika pwani ile ile, lakini shingo zao zilikuwa minyororoni. Walipoiona bahari walijua ya kuwa kwao hawatakuona tena. Kwao wao, kubwaga moyo ni kukata tamaa na kuuacha moyo nyuma.

Basi tazameni: pwani ni moja, na neno ni moja, lakini huyu apata raha, na yule apoteza tumaini. Somo letu la leo lahusu mzigo usioonekana kwa macho, nao ni hasira, wivu, kinyongo na chuki. Tutauliza hivi: Mtu aliyeumizwa moyo aweza kuutua mzigo huo wapi, na kwa njia gani?

2. Mzigo usioonekana

Kwanza na tuyajue mambo haya kwa majina yake, maana mganga asiyeujua ugonjwa hawezi kuchagua dawa.

Mwenzako amesifiwa na mwalimu, nawe hukusifiwa. Yeye hakukukosea neno, lakini waona kama mdudu akutafunaye kifuani. Huo ni wivu. Mtu amekutukana mbele ya wenzako. Damu yakupanda kichwani, na mikono yatetemeka. Hiyo ni hasira. Siku zimepita, naye aliyekutukana amekwisha sahau, lakini wewe kila umwonapo wayahesabu upya maneno yake, moja moja, kama mchuuzi ahesabuye deni. Hicho ni kinyongo. Na kinyongo kikilazwa moyoni muda mrefu huzaa chuki, nayo chuki hutamani mwenzako apatwe na mabaya hata katika saa asiyokutendea jambo lolote.

Je, kuona hasira ni dhambi? Mwiba ukikuchoma mguu utasikia maumivu, wala hapana mtu atakayekulaumu kwa kusikia maumivu. Kadhalika moyo ukichomwa husikia uchungu. Bwana wetu Yesu mwenyewe aliwakasirikia waliofanya nyumba ya Mungu kuwa mahali pa biashara, na hasira yake ilikuwa ya haki. Lawama haiko katika mwiba. Lawama huanza pale tunapouacha mwiba ndani, tukaufunika kwa kitambaa, tukasema mguu ni mzima.

Kumbukeni habari za Kaini katika kitabu cha Mwanzo. Kabla ya kumwua ndugu yake, Mungu alimwuliza kwa nini amekasirika, akamwonya ya kuwa dhambi yamvizia mlangoni. Je, Kaini alijibu nini? Soma tena, nawe utaona ya kuwa hapo hakuandikiwa jibu lolote. Mungu alimfungulia mlango wa kusema, naye akanyamaza; kisha akatoka kwenda shambani pamoja na Abeli. Sasa mlinganishe na mwimbaji wa Zaburi. Yeye humwambia Mungu kila kitu: uchungu wake, hofu yake, hata hasira yake juu ya adui zake. Maneno yake mengine ni makali mno. Lakini ameyatoa mbele ya Mungu, wala hakuyapeleka shambani kwa ndugu yake.

Mabaharia wa pwani yetu wanaijua hekima hii. Chombo chochote cha mbao, hata kikiwa kimekalafatiwa vizuri, huingiza maji kidogo kidogo, nayo hukusanyika ngamani, yaani chini kabisa ya chombo. Nahodha mwema haoni haya kwa sababu ya maji hayo, wala hasemi, “Chombo changu hakina maji.” Huwaamuru mabaharia wayakumbe, leo na kesho na kesho kutwa. Chombo huzama kwa maji yaliyoachwa bila kukumbwa. Ndivyo ulivyo moyo. Wahenga nao walisema: Mficha maradhi kifo humwumbua.

3. Masista wa Unguja

Jambo hili tutalielewa vema tukilitazama katika maisha ya mtu. Basi na tuvuke bahari, twende Unguja, maana misioni ya Bagamoyo ilianzia huko.

Mwezi wa Desemba mwaka 1860 Padre Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na mapadre na masista. Mji wa Unguja wakati ule ulikuwa na soko kubwa la watumwa. Masista wakafungua hospitali, wakawatunza wagonjwa wa kila taifa na kila dini, wakapokea na watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1863 kazi hiyo ilitiwa mikononi mwa Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, na mkubwa wao alikuwa Padre Antoine Horner. Mwaka 1868 mapadre hao walivuka mpaka Bagamoyo, wakajenga misioni. Watoto na watu wazima waliokombolewa wakapata huko nyumba, shule na mashamba. Msalaba uliosimamishwa pwani, karibu na misioni, ni ukumbusho wa kufika kwao.

Mmoja wa watoto waliopokewa na Masista wa Unguja ni msichana jina lake Suema. Alisimulia habari za maisha yake, Padre Horner akaziandika, na mwaka 1870 zikapigwa chapa mjini Paris katika kitabu cha Kifaransa. Padre aliziandika kwa namna ya wakati wake, ili wasomaji wa Ulaya waguswe na kutoa msaada. Hata hivyo wataalamu wa historia wanaendelea kuzisoma habari hizo hata leo, kwa sababu watoto waliopita katika utumwa wa Afrika ya Mashariki, na ambao habari zao zimeandikwa, ni wachache sana.

4. Habari za Suema

Suema alizaliwa katika nchi ya Wayao, upande wa Ziwa Nyasa. Baba yake aliuawa na simba, na mama akabaki mjane. Njaa ikaingia. Mama akakopa mtama kwa jirani, kwa ahadi ya kulipa atakapovuna. Lakini hakuweza kulipa. Msafara wa wafanya biashara ya watumwa ulipopita, mdai akamtwaa Suema kuwa malipo ya deni. Mtoto wa miaka kama kumi akauzwa kwa mikono michache ya nguo ya merikani.

Mama hakukubali kuachana na mwanawe. Akamsihi kiongozi wa msafara amruhusu afuatane nao, achukue pembe ya ndovu kama wapagazi wengine, mradi tu awe karibu na mtoto. Akakubaliwa, akajitwika. Lakini alikuwa mdhaifu kwa njaa, na njia ilikuwa ndefu. Nguvu zikamwisha, naye kiongozi akaamuru aachwe njiani. Suema akamng'ang'ania mama yake, akapigwa, akaondolewa kwa nguvu. Hawakuonana tena.

Msafara ukafika Kilwa, na watumwa wakapakiwa katika jahazi kwenda Unguja. Walipofika, Suema alikuwa amedhoofika hata ikaonekana ya kuwa hapana mtu atakayemnunua. Wakamdhani ni wa kufa tu. Wakamzinga katika mkeka, wakamfukia makaburini katika shimo lisilo na kina, naye angali hai! Kijana mmoja alipita karibu, akasikia sauti ya mtu anayeugua. Akaufukua mchanga, akamtoa, akampeleka kwa Masista. Kwa matunzo yao akarudiwa na uhai.

Sasa sikilizeni kwa makini yaliyofuata, maana ndiyo kiini cha somo letu.

Suema akapona mwili, akakaa kwa Masista, akajifunza dini. Siku moja aliletwa hospitali mtu aliyejeruhiwa vibaya. Alikuwa mfanya biashara ya watumwa, aliyepigana na mabaharia wa Kiingereza waliokuwa wakiyafukuza majahazi ya watumwa baharini. Suema akatakiwa kusaidia katika kumtunza. Alipomtazama uso akamjua. Alikuwa yule yule kiongozi wa msafara, aliyeamuru mama yake aachwe njiani.

Wanafunzi, msipite hapa kwa haraka. Yule aliyekuwa na fimbo hana fimbo tena. Amelala, hawezi hata kujigeuza. Na yule mtoto aliyepigwa amesimama juu yake, ana nguvu, na mgonjwa ahitaji mkono wake. Uchungu wote wa njia ile ukamrudia Suema, na chuki ikamjaa. Sista akamwambia ya kuwa Mkristo hana budi kumsamehe adui yake. Suema alijua maneno hayo, maana alikwisha fundishwa. Lakini kulijua neno ni jambo moja, na kuliweza ni jambo jingine.

Basi akaenda kusali. Akamwomba Mungu ampe nguvu za kusamehe, nguvu asizokuwa nazo. Kisha akarudi, akasaidia kumtunza mtu yule, akamsamehe. Baadaye Suema alibatizwa.

5. Mambo matatu ya kujifunza

Katika habari hizi tuna mambo matatu ya kuyashika.

Jambo la kwanza: hakuificha chuki yake. Laiti angalijifanya kuwa hana neno, akamfunga mgonjwa kidonda kwa uso mkunjufu na moyo uliojaa sumu, sumu ile ingalibaki mle mle. Chuki yake ilijulikana, na kwa sababu ilijulikana Sista aliweza kumsaidia. Mungu hachukizwi na mtoto amwambiaye, “Bwana, namchukia mtu huyu, wala sijui nifanye nini.” Maneno hayo ni sala. Daktari hamfukuzi mgonjwa kwa sababu kidonda chake kina usaha. Ndiyo sababu ya kuja kwake.

Jambo la pili: aliomba asichokuwa nacho. Hapa wengi hukosea. Hungoja mpaka wasikie upole mioyoni ndipo wasali, na upole usipokuja husema, “Mimi siwezi kusamehe.” Ni kweli, hawawezi. Hata Suema hakuweza. Kisima kilichokauka hakijazwi kwa kukikemea. Hujazwa na mvua itokayo juu. Upendo unaoponya hautoki kwetu sisi. Watoka kwa Mungu, aliyetupenda kwanza. Bwana Yesu msalabani aliwaombea Baba yake wale waliomwua, na hapo misumari ilikuwa ingali mikononi mwake. Upendo ulioweza kusema hivyo katika saa ile waweza kuingia na katika moyo wako.

Jambo la tatu: mkono ulifanya kazi. Baada ya sala Suema hakubaki penye altare akingoja moyo wake upoe kabisa. Alirudi kwa mgonjwa. Maji, kitambaa, kidonda: ndiyo kazi iliyokuwapo. Mara nyingi mkono hutangulia na moyo hufuata. Ukimtendea mema mtu unayemkasirikia, hata jema dogo, moyo hujifunza kwa mkono, kama vile mwanafunzi ajifunzavyo herufi kwa kuziandika.

Labda mwenzako mmoja atasema, “Wahenga walinena, Dawa ya moto ni moto.” Mjibu hivi: wewe ulipoona nyumba inaungua, je, uliona watu wakikimbilia kuleta makaa? Hukimbilia kisimani.

6. Kusamehe si kuusifu ubaya

Sasa lazima tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

Kusamehe si kusema ya kuwa ubaya ulikuwa mwema. Suema alimsamehe mtu yule, lakini biashara yake ilibaki kuwa biashara mbaya, na ilikuwa haki ikomeshwe. Nayo ilikomeshwa kwa kazi ya miaka mingi. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga masoko ya watumwa. Mwaka 1897 sheria ya Unguja ikaondoa haki ya mtu kummiliki mtumwa. Hapa Tanganyika utumwa ulifutwa kabisa kwa sheria mwaka 1922. Anayesamehe aweza pia kudai haki. Tofauti yake na mwenye chuki ni kwamba mwenye chuki ataka mwenziwe aangamie, na mwenye haki ataka ubaya ukome.

Kwa hiyo, mtu mkubwa au mdogo akikuumiza, akikupiga bila haki au akikutendea jambo la aibu, usidhani ya kuwa kusamehe ni kunyamaza. Mwambie mama au baba, bibi, mwalimu, padre, au mtu mzima mwingine unayemwamini. Kunyamaza hapo ni kuyaacha maji ngamani. Umesamehewa ufanye hivyo, na wajibu pia.

Tena kusamehe kwatuokoa katika kosa la kuwahukumu wengi kwa dhambi ya wachache. Kiongozi wa msafara ule alikuwa Mwarabu. Lakini aliyemtoa Suema kwa deni la mtama alikuwa jirani, mtu wa nchi yake mwenyewe. Fedha za biashara ile zilitoka kwa wengi: matajiri wa Kihindi waliokopesha misafara, wafalme wa bara waliouza mateka, na Wazungu waliopeleka watumwa katika mashamba ya miwa ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Na kijana aliyefukua kaburi alikuwa mpita njia tu, aliyesikia mtu anaugua na hakuziba masikio. Wema na ubaya havigawanyiki kwa rangi wala kwa kabila. Leo katika shule za Bagamoyo hukaa dawati moja watoto wa Kikristo na wa Kiislamu. Mmoja babu wa babu yake alikuwa mpagazi, mwingine alikuwa mtumwa, na mwingine huenda alikuwa mwenye watumwa. Wakianza kutupiana madeni ya mababu, darasa halitasoma. Mtoto hana deni la dhambi asiyoitenda.

Mfano mzuri wa jambo hili uko Unguja. Soko la watumwa lilipofungwa, Wakristo wa misioni ya Kiingereza hawakutaka mahali pale pasahauliwe. Siku ya Noeli mwaka 1873 jiwe la msingi la kanisa kubwa liliwekwa pale pale, nao ujenzi ukaendeshwa na Askofu Steere. Watu husimulia ya kuwa altare imewekwa mahali uliposimama mti waliofungiwa watumwa ili wapigwe. Jeraha halikufichwa, wala halikulipizwa kisasi. Limeletwa mbele ya Mungu, na watu husali juu yake.

7. Mbuyu wa misioni

Kabla ya kumaliza, turudi Bagamoyo, katika uwanja wa misioni. Hapo pana mbuyu mkubwa, ambao husemwa ulipandwa mwaka 1868, misioni ilipoanza. Inasimuliwa ya kuwa mwishoni mwa karne ya 19 mwanamke Mfaransa, Madame Chevalier, aliyehudumia wagonjwa, alifunga mnyororo katika shina la mbuyu ule kwa ajili ya punda wake. Baadaye mnyororo ukasahauliwa. Mbuyu haukuweza kuutoa, ulikua tu. Mwaka kwa mwaka gome likaufunika mnyororo, hata leo mgeni huonyeshwa kipande kidogo cha chuma kinachochungulia katika shina.

Ule mwaka wa kwanza, mtoto mdogo angaliweza kuufungua mnyororo ule kwa mikono yake. Leo asiyekata mti hautoi.

Ndivyo kilivyo kinyongo. Siku ya kwanza, neno moja lingetosha: “Ndugu yangu, umeniumiza,” au “Dada yangu, nisamehe.” Mtume Paulo alijua jambo hili, ndiyo maana aliwaonya Waefeso wasiiache hasira ikae nao hata jua lichwe. Mtu akiacha miaka ipite, chuki huingia ndani ya tabia yake. Kwa nje huonekana kipande kidogo tu: jibu la mkato, salamu isiyoitikiwa, jina la mtu asilotaka kulitaja. Kwa ndani chuma chote kimo.

Lakini asikate tamaa aliye na mnyororo wa siku nyingi. Binadamu si mbuyu. Mti hauwezi kusema, bali wewe waweza. Yusufu aliuzwa na ndugu zake akiwa kijana, na miaka mingi ilipita kabla hawajakutana tena huko Misri. Alipowatambua alikuwa na uwezo wa kuwaangamiza. Kwanza aliwasemesha kwa ukali. Kisha alijitenga akalia, zaidi ya mara moja. Na mwisho akawakumbatia na kuwapa chakula. Machozi yake yalikuwa maji yatokayo ngamani. Hata baada ya miaka mingi, Mungu aweza kuufungua mnyororo ambao mikono yetu haiufikii.

8. Ya kufanya

Mtoto mwema, ukiona hasira, wivu au chuki inakupanda, fanya hivi. Nyamaza kwanza kinywa na mkono, maana hasira ni hasara. Kisha jitenge kidogo, useme na Mungu kwa maneno yako mwenyewe, bila kuyapamba. Litaje jambo kwa jina lake na mtu kwa jina lake. Mwombe Mungu nguvu usizo nazo. Mwambie na mtu mzima unayemwamini, kama jambo ni zito. Mwisho tafuta jema moja la kumtendea aliyekukosea, hata likiwa ni kumwitikia salamu au kumwazima kalamu. Na kesho chuki ikirudi, usishangae. Fanya hivyo tena. Chombo hakikumbwi maji mara moja tu.

Mpagazi wa zamani hakuutua mzigo wake porini, mahali popote, maana ungepotea au ungeibwa. Aliuchukua mpaka pwani, kwa mwenyewe aliyeupokea. Nasi mizigo yetu tusiitupie wenzetu njiani. Tuipeleke mpaka kwa Mungu, naye ataipokea.

Sala: Ee Mungu Baba yetu, waujua uchungu ulio moyoni mwangu, na mtu aliyeutia. Mimi peke yangu siwezi kuuondoa. Nitie upendo wako, uuponye moyo wangu, unifundishe mkono wangu kutenda mema. Amina.

Maswali

1. Eleza maana mbili za jina la Bagamoyo. Je, kila maana yatufundisha nini juu ya moyo?
2. Nini tofauti kati ya hasira, kinyongo na chuki? Toa mfano wako mwenyewe wa kila moja.
3. Kaini na mwimbaji wa Zaburi walitofautianaje mbele ya Mungu?
4. Kwa nini Suema alienda kusali kabla ya kumtunza mgonjwa?
5. Taja watu wote waliomtendea Suema mabaya, na wote waliomtendea mema. Je, waligawanyika kwa kabila?
6. Mbuyu wa misioni wafanana kwa namna gani na moyo wenye kinyongo? Nao watofautiana kwa namna gani?
7. Kazi ya nyumbani: Umfikirie mtu mmoja aliyekukosea. Usiandike jina lake. Andika jema moja utakalomtendea kabla ya jua kuchwa.

Maneno ya kujifunza

Frasila: kipimo cha uzito cha zamani, kama ratili 35.
Merikani: nguo nyeupe ya pamba, iliyotumika kama fedha katika biashara ya misafara.
Mkono: kipimo cha nguo, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati.
Kukalafati: kuziba nyufa za chombo kwa pamba na mafuta.
Ngama: sehemu ya chini ya chombo, maji yanapokusanyika.
Kukumba maji: kuteka maji yaliyoingia chomboni na kuyamwaga nje.